Rameni ya kuku Tokyo: namna ya kuingia, kuagiza na kula bila wasiwasi

Mama mdogo alipokuja Tokyo kunitembelea, hakuuliza kama chakula cha huku ni kitamu. Aliuliza, "Mwanangu, huku nitakula nini ambacho hakijagusana na nguruwe?" Nilitaka kumjibu palepale "rameni ya kuku", nikasita. Rameni ya kuku ni chakula ambacho mtu wa kwetu anaweza kukipenda tangu kijiko cha kwanza, lakini neno kuku kwenye kibao cha mgahawa halijibu swali lake. Jibu hupatikana kwa kuuliza, na kuuliza kuna namna yake.

Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya mtu kama yeye: aliyefika Japani kwa masomo, kwa biashara ya magari, kwa kazi au kwa matembezi tu, anayetaka kula bakuli zuri akijua kilichomo, na akijua afanye nini kuanzia mlangoni hadi anapotoka.

Hatua ya 1: Zijue supu mbili kabla hujatoka nyumbani

Rameni ni tambi za ngano zilizokandwa kwa maji, chumvi na kansui, yaani maji ya magadi. Hayo magadi ndiyo yanayozipa tambi umanjano na ule ukakamavu wa kutafunika. Chini ya bakuli hutangulia kikolezo cha chumvi kiitwacho tare, hufuata mafuta ya kunukia, kisha supu ya moto, tambi, na juu kabisa vipambo. Kwa hiyo mgahawa wenye sufuria moja tu ya supu ya kuku unaweza kukuuliza unataka ipi: shio (tare ya chumvi), shoyu (ya sosi ya soya) au miso (ya soya iliyochachushwa). Supu ni ileile, kinachobadilika ni tare.

Supu ya kuku yenyewe iko ya aina mbili, na hapa ndipo uamuzi wako unapoanzia.

Ya kwanza ni tori paitan (鶏白湯). Ni nyeupe, nzito, haioneshi chini ya bakuli. Mgeni hudhani imetiwa maziwa au tui. Weupe huo kwa kawaida unatokana na moto. Migongo, mabawa, shingo na miguu ya kuku huchemshwa kwa moto mkali saa nyingi, maji yakitokota bila kupumzishwa. Kolajeni ya ngozi na gegedu huyeyuka ikawa ute, na mafuta hupigwapigwa na mtokoto hadi yanakuwa matone madogo mno, yanashikana na ule ute na kukaa ndani ya maji badala ya kuelea juu. Miguu ya kuku ndiyo inayotoa ute mwingi zaidi, na wapishi wa Kijapani wameipa jina zuri: momiji, yaani jani la mti unaogeuka mwekundu majira ya kupukutika, kwa sababu umbo la vidole linafanana na jani hilo.

Ya pili ni tori chintan (鶏清湯). Hii ni ang'avu, rangi ya dhahabu, na matone ya mafuta ya kuku yanametameta juu. Hupikwa kinyume kabisa: moto mdogo, maji yanatetemeka tu bila kutokota, povu linaondolewa kila linapojitokeza. Aliyekulia kwenye supu ya kuku wa kienyeji ataitambua kwa harufu kabla bakuli halijafika mbele yake.

Ukiniuliza nikushauri ipi, mara ya kwanza chukua paitan ya shio, hasa kukiwa na baridi. Inakupa kuku mwenyewe bila sosi ya soya kutawala. Lakini ukitaka kujua mpishi ana mkono gani, rudi siku nyingine uagize chintan ya shoyu. Supu ang'avu haina pa kuficha kosa.

Angalizo moja la jina. Ukikuta kwenye orodha neno soba, kama "tori paitan soba" au "chuka soba", usidhani ni zile tambi za rangi ya kijivu za nafaka iitwayo buckwheat. Chuka soba, yaani soba ya Kichina, ni jina la zamani la rameni. Chakula hiki kilitoka kwa wapishi wa Kichina, na mgahawa wa Rairaiken, uliofunguliwa Asakusa, Tokyo, mwaka 1910, ndio unaotajwa sana kwa kukieneza kwa wananchi wa kawaida. Migahawa mingi bado inapenda jina hilo la zamani.

Hatua ya 2: Uliza kuhusu nguruwe, hata kama mlangoni pameandikwa kuku

Hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome kwa utulivu.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilikuwa nimekariri herufi moja, 鶏, kuku. Nikaiona imechorwa kwenye pazia la mlango wa mgahawa mmoja, nikaingia nikiwa na amani kabisa. Supu ilikuwa ya kuku kweli. Vipande viwili vya nyama vilivyolala juu yake havikuwa. Nilikuja kujua jioni, mwenzangu wa chuoni aliponisomea picha niliyokuwa nimepiga ya orodha yao. Hakuna aliyenidanganya, kwani ilikuwa imeandikwa. Lakini iliniuma, na tangu siku ile nimejifunza kwamba kuku ni habari ya sufuria, si habari ya bakuli zima.

Nguruwe anaweza kuingia kwa milango kadhaa. Chashu, ile nyama iliyokatwa vipande vyembamba, kwa desturi ni ya nguruwe. Migahawa ya kuku mara nyingi huweka ya kuku, mingine huweka moja ya kuku na moja ya nguruwe kwenye bakuli lilelile. Supu inaweza kuwa ya kuku iliyochanganywa na mifupa ya nguruwe. Tare ya shoyu inaweza kuwa imetengenezwa kwa sosi iliyopikiwa nguruwe, na yai lililolowekwa, ajitama, mara nyingi hulowekwa katika sosi hiyohiyo. Mafuta ya juu yanaweza kuwa ya kuku au ya nguruwe. Gyoza, zile sambusa ndogo za kukaanga na mvuke, karibu siku zote zina nguruwe.

Kuna pia pombe. Sake na mirini ni viungo vya kawaida katika tare, na tambi za kiwandani mara nyingi hutiwa kiasi kidogo cha alkoholi ili zisiharibike.

Kwa hiyo jiamulie kwanza unaepuka nini. Kama shida yako ni nyama ya nguruwe tu, mgahawa wa kawaida wa kuku unaweza kukufaa ukiuliza maswali mawili matatu. Kama unataka halali kwa maana yake kamili, kuanzia kuchinjwa kwa kuku hadi tare isiyo na pombe, usihangaike kumhoji mpishi wa mgahawa wa kawaida. Nenda moja kwa moja kwenye mgahawa wa halali. Tokyo inayo. Naritaya ya Asakusa imejulikana miaka mingi kwa rameni ya halali ya supu ya kuku. Upande wa Okachimachi, karibu na Ueno, ambako kuna msikiti wa Assalaam, Ayam-Ya nayo imejijengea jina kwa rameni ya kuku ya halali, na jina lenyewe linatokana na neno la Kimalei na Kiindonesia, ayam, kuku. Migahawa huhama na kufungwa, basi angalia kwenye ramani ya simu kama iko wazi wiki hiyo, na ukifika tazama cheti ukutani.

Kwa mgahawa wa kawaida, haya ndiyo maneno ya kutumia. Uzuri ni kwamba a, e, i, o, u za Kijapani husomwa karibu sawasawa na za Kiswahili, kwa hiyo ukiyasoma jinsi yalivyoandikwa utaeleweka kuliko wageni wengi.

"Butaniku wa haitte imasu ka?" Je, kuna nyama ya nguruwe ndani?

"Suupu ni buta o tsukatte imasu ka?" Supu imetumia nguruwe?

"Chashu wa tori desu ka, buta desu ka?" Chashu ni ya kuku au ya nguruwe?

"Buta nuki de onegai shimasu." Naomba usiweke nguruwe.

Uliza ukiwa mlangoni, kabla ya kununua tiketi, na usiulize saa ambayo mpishi ana mabakuli sita mbele yake. Kama simu yako ina programu ya kutafsiri, andika swali mapema umwoneshe maandishi. Mjapani akikunja uso kidogo, akavuta pumzi kwa meno na kusema "chotto…", maana yake ni hapana, ingawa neno hapana halitamtoka. Shukuru, inama kidogo, ondoka. Hakuna atakayekasirika.

Herufi za kukariri ni mbili: 鶏 ni kuku, 豚 ni nguruwe. Ukiona 豚 popote karibu na picha ya bakuli unalolitaka, simama uulize. Mwenye mzio wa ngano, soya au mayai ajue pia kwamba vyote vitatu viko karibu katika kila bakuli la rameni, na hiyo si migahawa ya kuomba kiondolewe kimoja.

Hatua ya 3: Chagua saa

Migahawa mingi hufungua saa tano asubuhi, hufunga saa nane au tisa mchana, kisha hufungua tena jioni. Mlangoni saa imeandikwa kwa mtindo wa 11:00, kwa hiyo usije ukajichanganya na saa zetu. Foleni ndefu ni kati ya saa sita na saa saba mchana, wafanyakazi wa ofisini wanapotoka. Nenda saa tano na dakika chache, au saa saba na nusu. Usichelewe sana, maana sufuria ya supu hupikwa kwa kipimo cha siku. Ikiisha, pazia hushushwa hata kama saa ya kufunga bado.

Watu wanne au watano pamoja ni wengi. Mgahawa wa aina hii huwa na viti vinane au kumi tu vilivyopangwa kaunta, na mtaketishwa mbalimbali. Nendeni wawili wawili. Na foleni haishikiwi nafasi: anayesimama ndiye anayehesabiwa. Kabla ya kusimama, chungulia kama watu wana tiketi mikononi, kwa sababu mingine inataka ununue tiketi kwanza ndipo upange foleni, mingine kinyume chake.

Hatua ya 4: Mashine ya tiketi

Ukivuka mlango utasikia "Irasshaimase!" kwa sauti kubwa. Ni karibu, na haidai jibu. Ukiinamisha kichwa kidogo inatosha. Kando ya mlango, katika migahawa mingi, kuna mashine yenye vitufe vingi. Hiyo ndiyo mhudumu wako.

Mashine za zamani zinataka pesa kwanza. Ukibonyeza kabla ya kuingiza noti, hakuna kitakachotokea, na hapo ndipo wageni wengi hudhani imeharibika. Ingiza noti, vitufe vitawaka, na vile ambavyo pesa yako inavitosha ndivyo vitakavyowaka. Bonyeza, tiketi ndogo itadondoka chini, chukua na chenji. Baadhi hazirudishi chenji mpaka ugeuze kishikio au ubonyeze kitufe cha kurudisha. Kitufe chenye alama 売切 ni chakula kilichokwisha.

Hujui uchague nini? Bonyeza kitufe cha juu kabisa kushoto. Kwa mazoea ya migahawa ya Japani, hapo ndipo huwekwa bakuli wanalojivunia. Chini yake huwa kuna lilelile pamoja na yai la kulowekwa (味玉), na lilelile lenye nyama zaidi. 大盛 ni tambi nyingi. Kuna kitufe cha wali, na cha bia. Bakuli la kawaida kwa sasa mara nyingi huwa kati ya yen 900 na 1,300. Kwa muda mrefu wenye migahawa wameogopa kuvuka kile wanachokiita ukuta wa yen elfu moja, kwa sababu Mjapani bado anaiona rameni kuwa chakula cha mfukoni cha kila siku.

Kuhusu noti, nisikilize vizuri, maana hapa watu hukwama mlangoni huku foleni iko nyuma yao. Mashine nyingi za zamani hazipokei noti ya yen 10,000 wala 5,000. Tarehe 3 Julai 2024 Japani ilitoa noti mpya, na kubadili mashine ni gharama kwa mgahawa mdogo, kwa hiyo bado utakuta mashine inayotema noti mpya ya elfu moja, yenye sura ya Kitasato Shibasaburo mbele na wimbi kubwa la mchoraji Hokusai nyuma. Weka pochini noti moja mbili za zamani. Utazijua kwa sura ya mwanamume mwenye nywele zilizosimama na masharubu: ni Noguchi Hideyo, daktari aliyekwenda Afrika Magharibi kutafiti homa ya manjano na kufariki kwa ugonjwa huohuo mjini Accra mwaka 1928. Kila ninapoitoa noti hiyo humkumbuka, Mjapani aliyekufa kwetu akitafuta dawa. Sarafu za 10, 50, 100 na 500 zinakubalika, ila sarafu mpya ya 500 iliyotoka mwaka 2021 hugomewa na baadhi ya mashine. Ukikwama kabisa, mwoneshe mpishi noti useme "Ryogae onegai shimasu", naomba univunjie.

Mashine mpya zina kioo cha kugusa, picha, na zinapokea kadi ya treni kama Suica. Hapo kazi imeisha.

Hatua ya 5: Keti

Subiri uoneshwe kiti. Weka tiketi juu ya ubao wa kaunta mbele yako, mpishi ataichukua. Anaweza kuuliza ugumu wa tambi, na kama hujui sema "futsuu", kawaida. Begi huingia kwenye kikapu chini ya kiti, au kwenye ndoano chini ya kaunta. Maji ya baridi ni bure, unajimiminia mwenyewe kutoka kwenye jagi. Omba aproni ya karatasi, "kami epuron", kama umevaa nguo nyeupe au mtandio unaoning'inia mbele. Mama mdogo alifunga wake nyuma ya shingo, akaomba aproni, na supu haikumgusa hata tone.

Sauti iwe ya chini, simu isipokelewe. Si mahali pa baraza. Watu huingia, hula, hutoka, na dakika ishirini ni muda mrefu.

Hatua ya 6: Bakuli likifika

Mpishi ataliweka juu ya kingo ya kaunta iliyoinuka. Unalishusha mwenyewe kwa mikono miwili, kidole gumba kwenye ukingo na vingine kwenye kitako, taratibu, maana ni la moto kweli. Wajapani husema "itadakimasu" kabla ya kula, kwa sauti ndogo. Wewe sema bismillahi yako au sala yako. Piga picha moja kama lazima, ya bakuli lako tu bila kuwaingiza majirani, kisha simu irudi mfukoni. Tambi ndani ya supu ya moto zinaendelea kuiva. Baada ya dakika tano si zile alizozikusudia mpishi.

Anza na supu. Chukua kijiko cha bapa kiitwacho renge, teka juu juu bila kukoroga, onja kabla ya kutia chochote. Nilimtazama Mama mdogo akifanya hivyo. Alipuliza mara mbili, akanywa, akanyamaza. Akagusanisha midomo akaiachia, ikanata kidogo. Akarudia. Kisha akanigeukia akasema kwa sauti ya chini, "Hii si ngeni kwangu. Hii ni supu ya makongoro, ila wameipika kwa kuku." Sijawahi kusikia maelezo sahihi zaidi ya paitan. Ule unaonata mdomoni ni ute uleule wa kwato za ng'ombe unaoganda sufuriani kwetu asubuhi ya baridi.

Sasa tambi. Shika kwa vijiti nyuzi tano au sita, si fungu zima, ziinue kidogo zipate hewa, kisha zivute kwa mdomo. Kwa sauti. Najua hapa ndipo mtu aliyelelewa Pwani hugoma, maana kwetu mtoto akivuta supu kwa kelele huangaliwa kwa jicho. Huku kuvuta kuna kazi: hewa inayoingia pamoja na tambi hupoza moto wake na kupandisha harufu ya mafuta ya kuku puani. Usilazimishe kelele, lakini usizikate tambi vipande vipande ukazisubiri zipoe. Tazama jirani yako, fuata mwendo wake.

Wenyeji hushika vijiti mkono wa kulia na renge mkono wa kushoto. Kama kula kwa kushoto hakukukai, laza vijiti, chukua renge kwa kulia, kunywa, kisha rudia vijiti. Mimi hufanya hivyo na hakuna aliyewahi kunitazama mara mbili. Makosa ya kweli ya vijiti ni mawili: kuvichomeka wima kwenye wali, kwa kuwa hivyo ndivyo wali wa maiti unavyotolewa, na kupokezana chakula kutoka kijiti hadi kijiti, kwa kuwa hivyo ndivyo ndugu wanavyopokezana mifupa ya marehemu baada ya kuchoma mwili. Kama vijiti vinakushinda, omba "fooku", uma. Wanao.

Chashu ya kuku inahitaji maelezo yake. Mara nyingi ni kidari kilichopikwa kwa joto la chini kwa muda mrefu, na katikati kina rangi ya waridi. Kwetu kuku huiva mpaka mfupa, kwa hiyo rangi ile hushtua. Ikiwa inakusumbua, tumbukiza kipande chini ya tambi kwenye supu dakika moja mbili, kitageuka cheupe na bado kitakuwa laini. Ikiwa ndani kinateleza na kung'aa kama kibichi, kiache. Mjamzito na mtoto mdogo nawashauri waruke nyama ya waridi na yai lenye kiini cha majimaji. Hakuna aibu kubakisha.

Vingine ni vyepesi kuvielewa. Vile vijiti vya kahawia vinavyotafunika ni menma, machipukizi ya mianzi yaliyochachushwa. Karatasi nyeusi ni nori, mwani uliokaushwa, mtamu ukiloweshwa supu na kufungiwa tambi. Halafu kuna kitunguu cha majani, na katika baadhi ya migahawa maganda ya yuzu, tunda la jamii ya ndimu, ambayo hukata uzito wa paitan vizuri sana.

Bakuli likifika nusu, ndipo ufungue vikopo vilivyoko mezani: pilipili manga, mafuta ya pilipili, siki, pengine kitunguu saumu. Tia kidogo upande mmoja wa bakuli, onja, ndipo uongeze. Matone machache ya siki ndani ya paitan hubadilisha kila kitu. Sisi tunaokamulia ndimu kwenye supu tunalijua hilo tangu utotoni.

Hatua ya 7: Tambi zimeisha, supu imebaki

Migahawa mingine ina kaedama (替玉), fungu jipya la tambi bila supu, kwa pesa ndogo. Ukitaka, agiza ukiwa bado na supu ya kutosha. Mimi napenda wali zaidi. Bakuli dogo la wali mweupe likimiminwa ndani ya paitan iliyobaki, na pilipili manga juu, linakuwa kitu ambacho mgonjwa angepewa nyumbani akapona. Kunywa supu yote si lazima. Ina chumvi nyingi, na mpishi hakasiriki ukiibakisha.

Wengi wetu tuliijua kwanza jamaa ya chakula hiki kupitia pakiti za Indomie. Tambi za pakiti za kwanza, Chikin Ramen ya kampuni ya Nissin, zilitoka mwaka 1958, na ladha yake ilikuwa hiyohiyo ya kuku. Momofuku Ando, aliyezibuni, alisema baadaye kwamba kuku aliwawezesha kuuza kokote, kwa kuwa hakuna dini inayomkataza. Nilipomweleza Mama mdogo haya, aliitazama supu yake kwa muda kabla ya kuendelea.

Hatua ya 8: Kuondoka

Ukimaliza, inuka. Rudisha bakuli na glasi juu ya kingo ya kaunta, futa mbele yako kwa kitambaa kilichopo, tupa karatasi zako. Umeshalipa kwenye mashine, na bakshishi haitolewi Japani. Ukiacha sarafu, watakufuata nazo barabarani wakidhani umesahau. Kinachotolewa ni neno: "Gochisousama deshita", asante kwa chakula. Liseme ukimtazama mpishi. Ndilo analolisubiri.

Mama mdogo alilifanyia mazoezi kwenye treni nzima. Alilisema lote bila kukosea, na mpishi, aliyekuwa akikung'uta maji ya tambi, akasimamisha mkono, akainama, akamjibu kwa sauti iliyojaa jiko.

Nje tukasogea mbali na mlango ili tusiwazibe wanaongoja. Hapo ndipo akafungua maswali yote aliyoyabana ndani: miguu ya kuku inaoshwaje, inachemshwa saa ngapi, maji yanaongezwa au hayaongezwi. Nikamwambia asubuhi mpaka alasiri, moto mkali, maji yanaongezwa ya moto.

"Gesi haitafika," akasema, akifunga upya mtandio wake. "Hii nitaipika kwa kuni."